Mwaka wa Karata Dirishani

"Hiyo ya leo ni ya nani?"

Mama Shadya aliniuliza hivyo mara ya kwanza akiwa amechuchumaa mbele ya jiko lake la mkaa, anapepea kwa mfuniko wa ndoo, hata usoni hakunitazama. Nilikuwa na shahada ya takwimu. Nilikuwa na jibu la karibu kila kitu, na nisipokuwa na jibu nilikuwa na swali la kumrudishia mtu. Asubuhi ile nilirudisha swali. Nilisema, "Ya nani kivipi?" naye akaendelea kupepea kama hajasikia. Nikarudi chumbani na kikombe changu cha chai, nikakaa kitandani nikilirudia swali ambalo nisingeweza kumweleza mtu yeyote niliyesoma naye.

Nimelikumbuka swali lile juzi, nilipopigiwa simu kwamba Bi. Zuhura amefariki. Alikuwa mwenye nyumba wetu kule Temeke, mwaka ule mmoja nilioishi kwake baada ya kumaliza chuo. Nilifika msibani asubuhi nikiwa na kanga begani, na wanawake wakanisogezea nafasi kwenye mkeka uani, wakanipa kisu na sinia la vitunguu. Uani kule kule. Wamejenga ukuta mpya na choo cha vigae, lakini umbo ni lile: nyumba kubwa upande mmoja, na dirisha la chumba cha Bi. Zuhura kando ya mlango wa kutokea barabarani. Mabanda mawili ya vyumba vya kupangisha yanatazamana. Katikati kamba za nguo. Chumba chetu mimi na Neema kilikuwa banda la kushoto. Mama Shadya, mumewe na mtoto wao walikuwa banda la kulia. Nilimenya vitunguu nikilitazama dirisha letu la zamani, lenye nondo na wavu, na machozi yakanitoka, na bahati nzuri hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Wakati ule nilikuwa nauza vinyago kwenye duka la mtu pale Mwenge, huku nikisubiri kazi ambayo shahada yangu ilikuwa imeniahidi. Mteja mmoja wa kigeni, mwanamke mwenye mvi na viatu vya kupandia milima, alikaa dukani mchana mzima kwa sababu ya mvua, tukazungumza, na alipoondoka aliniachia pakiti ya karata. Si karata za kuchezea. Zilikuwa karata za taroti, za kutabiria, kubwa kama kiganja, kila moja na picha yake: wafalme, mapanga, vikombe, mnara unaoungua. Ndani kulikuwa na kijitabu cha maelekezo kwa anayeanza. Kila asubuhi changanya karata, zikate kwa mkono wa kushoto, toa moja, iweke mahali utakapoiona mchana kutwa, na jioni ujiulize imekuambia nini. Nilicheka. Nikaona hapa kuna jaribio zuri kabisa. Nitatoa karata kila siku, nitalinganisha na siku yenyewe, na baada ya muda nitakuwa na ushahidi wangu mwenyewe kwamba ni upuuzi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Neema, ambaye tulitoka naye chuo na aliyekuwa anaimba kwaya, alinikuta nazichanganya akasimama mlangoni na kanga yake ya kuogea.

"Tusa, hizo ni nini?"

"Karata."

"Za nini?"

"Za kuangalia kama kuna kitu cha kuangalia."

"Mi sitaki mapepo humu ndani, nakwambia mapema. Kodi tunachanga wote."

"Mapepo hayachangii kodi," nilimwambia, naye akacheka bila kupenda, na jambo likaishia hapo kwa siku hiyo.

Mahali pa kuiweka karata palikuwa dirishani. Chumba kilikuwa na giza hata saa nne asubuhi, na chai tulikuwa tunanywea nje, kwenye kibaraza, chapati za maji na chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati. Kwa hiyo niliichomeka karata kati ya nondo na wavu, picha ikitazama uani, ili nikikaa pale niione. Lilikuwa jambo la akili kabisa. Halikunijia akilini hata kidogo kwamba uani kulikuwa na watu wengine wenye macho.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Ilitoka karata ya kijana anayetembea anaangalia mawingu huku yuko ukingoni mwa jabali, na siku hiyo nikakosea kumrudishia mteja chenji. Nikajicheka. Kisha ikatoka ile ya moyo mwekundu uliochomwa mapanga, mvua inanyesha nyuma yake. Hiyo ndiyo siku aliyoniuliza Mama Shadya swali lake. Alikuwa amenizidi miaka michache tu kwa umri, mwanamke mwembamba, mcheshi, fundi wa maandazi, aliyekuwa akinirushia utani wa mapishi yangu ya bara kila nilipotoka na sufuria. "Jamani Tusa, hayo maharage hayajaona nazi? Yatakufa na kiu." Baada ya siku ile utani ulikatika. Kesho yake ilitoka karata ya mwanamke aliyekaa kitandani ameshika uso kwa mikono, mapanga yamepangwa ukutani juu yake. Mama Shadya aliitazama, akamnyanyua mtoto wake, akaingia ndani na kufunga mlango, na redio yake, ambayo huwa inaimba tangu alfajiri, ikazimwa.

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na nataka niseme ilivyokuwa, kwa sababu watu wakisimulia hofu husimulia mambo makubwa, na yangu ilianza kwa redio kuzimwa. Nilijua hesabu. Pakiti ina karata nyingi, nyingi kati yake zina huzuni, na nyumba yenye wapangaji wengi haiwezi kukosa mtu ambaye picha ya huzuni itamkaa sawasawa. Nilijieleza hivyo nikiwa nachota maji, nikiwa dukani, nikiwa naoga. Maelezo yalikuwa sahihi na hayakunisaidia lolote. Nilianza kuamka nikiziogopa karata kabla sijazigusa.  Na jambo la ajabu ni kwamba sikuweza kuacha. Mtu mwenye akili angezitupa. Mimi nilianza kuwaza kwamba nisipotoa karata, basi hicho kitakachotokea nitakuwa sijakijua, na kutokujua kukawa kunanitisha kuliko picha zenyewe. Hivyo nikatoa, kila asubuhi, kwa mkono wa kushoto, na kuchomeka dirishani.

Kisha mume wa Mama Shadya akarudi. Baba Shadya alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo, mtu mpole wa salamu, mtoto wa marehemu dada yake Bi. Zuhura. Kila mtu pale alijua kwamba Bi. Zuhura alimlea tangu utoto, na kwamba hakuna neno baya juu ya Baba Shadya lililowahi kutoka kinywani mwake. Asubuhi baada ya yeye kurudi ilitoka karata ya shetani mwenye pembe amekaa juu, na chini yake mwanamme na mwanamke, uchi, wamefungwa minyororo ya shingo. Nilisita. Lakini nilijiambia kwamba jaribio linalochagua matokeo si jaribio, nikaichomeka.

Mchana huo sikwenda dukani; nilikuwa bafuni nikasikia sauti nje ya ukuta wa mabati. Walikuwa Mama Shadya na Bi. Zuhura.

"Yule binti anaona, Bi. Zuhura. Wallahi anaona kila kitu."

"Ataona nini, mtoto wa watu. Anashinda Mwenge huko."

"Sasa amejuaje? Mtu karudi jana, leo kaniwekea ile. Amejuaje?"

"Shusha sauti. Na huo mkono umefanya nini?"

"Nimeteleza hapa bafuni."

 "Weka mafuta ya nazi," alisema Bi. Zuhura, na nikasikia kandambili zake zikiondoka.

Nilisimama pale na povu limenikaukia mwilini. Ningekuwa mtu wa kusikiliza, ningesikia habari za mkono. Nilichosikia mimi ni kwamba naona. Mtu ambaye hakuwahi kuamini hata nyota za magazetini, nikaambiwa kupitia ukuta wa mabati kwamba naona kila kitu, na sehemu fulani ya kifua changu ikaamini papo hapo.

Siku iliyofuata tulikuta ndimu iliyokatwa kizingitini, na chumvi ya mawe imemwagwa kwa mstari. Neema ndiye aliyeikanyaga. Alipiga ukelele, akaingia ndani akaomba kwa sauti mpaka ikakauka, na jioni alifunga begi.

"Naenda kwa shangazi Chamazi."

"Neema, ni ndimu tu."

"Ndimu tu? Kama ni ndimu tu, iokote."

Sikuiokota. Tulitazamana, na nadhani hapo ndipo aliponihurumia, kwa sababu alinikumbatia. "Choma hizo takataka, Tusa," alisema. "Watu wa hapa wakishasema wewe ni mchawi, hakuna atakayekuuliza shahada yako ni ya nini." Akaondoka. Nikabaki peke yangu katika chumba ambacho ghafla kilikuwa kikubwa, na kuanzia hapo nilijua ninaogopa nini. Niliogopa wapangaji wangekusanyika mlangoni kwangu. Nilishasikia habari za wanawake waliotolewa kwenye vyumba vyao hivyo, mitaa si mbali na pale, na sijui waliishia wapi. Niliogopa pia kwamba labda hawatakuwa wamekosea.

Karata ya mifupa ilitoka siku ya mapumziko, wakati nyumba nzima iko uani. Mifupa imevaa vazi la chuma, iko juu ya farasi mweupe, na chini mfalme amelala chali. Niliishika muda mrefu. Nikaichomeka. Hata leo nikijiuliza kwa nini, jibu pekee ninalolipata ni kwamba nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu, na nilitaka kitu kitokee ili kiishe. Nilikuwa sijakaa vizuri kwenye kibaraza Baba Shadya alipovuka uani akasimama mbele yangu.

"We binti, unamtishia nani?"

"Shikamoo, Baba Shadya. Simtishii mtu."

"Hiyo mifupa ya nani?"

Lilikuwa swali lile lile. Watu wakaacha kufua. Mtu akasema kwa nyuma, "Si nilisema mie?" na mwingine akasema waitwe vijana wa kijiweni. Nilisimama, nikapiga hesabu ya umbali kutoka kibarazani mpaka mlango wa kutokea, na katikati yake walikuwepo watu wote. Kisha Bi. Zuhura akatoka nyumba kubwa, amejifunga kanga kifuani, kitambaa kichwani, na kigoda mkononi. Akakiweka katikati ya uani, akakaa.

"Hakuna atakayeita kijiwe kwenye nyumba yangu. Kama kuna maneno, yasemwe hapa. Mama Shadya, anza."

Mama Shadya alitoka taratibu, mikono mirefu ya dera imemfunika mpaka vidoleni ingawa kulikuwa na joto la kuunguza. "Mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Lakini huyu kila asubuhi ananisema. Kaanza na moyo kauchoma mapanga. Nikanyamaza. Keshoye kaniwekea mwanamke analia kitandani. Nikanyamaza. Haya, mume wangu karudi safari, kaweka shetani na mke na mume wamefungwa minyororo, uchi! Mbele ya mlango wangu! Mwanamke huyo ni nani kama si mie? Na leo kaniwekea kifo."

"Mama Shadya," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto, "mie sizichagui. Zinatoka zenyewe."

Ua mzima ukapumua kwa pamoja. "Mnasikia?" akasema yule wa nyuma. "Zinatoka zenyewe!"

Bi. Zuhura alinyanyua mkono. Alinitazama bila hasira. "Tusa. Ile kanga aliyokuanikia mwenzio, uliisoma?"

"Kanga gani?"

 Mwanamke mmoja akaanza kucheka, kicheko cha puani, na mwingine akamfuata.

"Kanga gani!" Bi. Zuhura alisema. "Tangu siku ya moyo mwenzio anakujibu. Kila siku kanga mpya kambani, maandishi yametazama mlango wako. Nyumba nzima tunasoma. Wewe unauliza kanga gani."

Nilizitazama kamba za nguo, na ndipo nilipoiona. Kanga nyekundu, imetandazwa vizuri, haina mkunjo, maneno yake yamegeuziwa kwangu kama ubao wa darasani. Nilikuwa nimepita chini ya kanga kama hizo kila asubuhi nikiinamisha kichwa zisinimwagie maji. Kwangu zilikuwa nguo zinazokauka. Nilikulia mahali ambapo kanga hufungwa kiunoni na kubebea watoto, na maneno yake yapo tu, kama urembo. Kwa Mama Shadya, mwanamke wa pwani, kitu chochote chenye ujumbe kilichoanikwa kuelekea mlango wa mtu ni maneno anayoambiwa mtu huyo. Yeye alinisoma mimi nisiyeandika, akaniandikia mimi nisiyesoma. Na aliponiuliza karata ni ya nani, hakuwa ananitisha. Alitaka tu nimtaje mtu mwingine ili alale usingizi.

Nilianza kucheka na mimi, kwa nafuu, karibu nilie. Mama Shadya naye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Ingeishia hapo. Lakini Baba Shadya hakucheka.

"Mi sitaki habari za kanga," alisema, na hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anamtazama mkewe. "Nataka kujua mambo ya chumbani kwangu huyu kaambiwa na nani."

Kicheko cha Mama Shadya kilikatika katikati, kama redio yake. Nikaona jinsi alivyoivuta mikono ya dera. Hofu yangu yote ya miezi ile, niliyoibeba kama mzigo wangu mwenyewe, nikaiona imekaa kwenye uso wa mtu mwingine, na pale ilikuwa na mwenyewe.

"Kikao kimekwisha," alisema Bi. Zuhura haraka. Akanijia, akanyoosha mkono wa kulia uliofunikwa na pindo la kanga yake. "Karata zote. Nakaa nazo mimi." Nilimpa. Hakumwangalia mwana wa dada yake alipopita mbele yake, na sote tulijua hatasema neno juu yake.

Siku zilizofuata niliamka mkono unatafuta karata chini ya mto. Sikuwa na la kuweka dirishani, na uani palikuwa kimya. Mimi na Mama Shadya tulisalimiana kwa adabu. Mara moja aliniletea maandazi kwenye sahani iliyofunikwa, nikataka kumuuliza juu ya mkono, nikaanza, "Mama Shadya, ule mkono," naye akasema, "Kula yakiwa ya moto," akaondoka. Nikayala yote.

Kisha asubuhi moja niliamshwa na teke mlangoni. "Mke wangu yuko wapi? Umemloga mke wangu!" Nilikaa kitandani, nondo za dirisha mbele yangu, hakuna pa kutokea. Nilimsikia Bi. Zuhura kabla sijamwona.

"Ondoka mlango huo."

"Mama mdogo, huyu mchawi kamtoa mke wangu na mtoto!"

"Karata ziko kwangu. Kama kuna mchawi nyumba hii basi ni mie, mama yako mdogo niliyekunywesha uji. Sema sasa. Sema mbele za watu."

Nikasikia hatua zake zikiondoka mlangoni. Nilipofungua mlango baadaye nilikuta watu wamekusanyika kwenye kibaraza cha banda la kulia, wananong'ona. Mama Shadya alikuwa ameondoka na mtoto na kifurushi kimoja. Vyombo vyake vyote alikuwa ameviacha, vile vya harusi, sufuria, hotipoti na vikombe vya maua, vimeoshwa na kupangwa kibarazani kimoja juu ya kingine. Hilo ndilo lililowashangaza wanawake kuliko kuondoka kwenyewe. "Mwanamke anaondoka anaacha vyombo?" walikuwa wanaulizana. "Vyombo vyake mwenyewe?" Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi Kinondoni nikahama, na karata sikuzidai.

Sijawahi kuziamini tena, na sijawahi tena kumcheka anayeziamini. Nilikuwa nawaza hivyo juzi pale msibani, kisu mkononi, mtu alipokuja kukaa karibu yangu kwenye mkeka na kuvuta sinia la vitunguu.

"Bado unamenya kama mtu wa bara," alisema. "Nusu ya kitunguu unatupa."

Mama Shadya alikuwa amenenepa. Mikono yake ilikuwa wazi mpaka mabegani. Anauza chakula Mbagala sasa, na Shadya yuko sekondari. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, kwa ajili ya marehemu na si kwa ajili yake tu. Nikamwambia jinsi nilivyomwogopa mwaka ule. Akacheka mpaka wanawake wakatugeukia. "Mie nilikuogopa wewe!" Kisha akaacha kumenya, akasema amekuwa akitaka kunishukuru miaka yote hii, kwa kuleta karata zile, maana ndizo zilizomtoa.

"Ile ya kifo?" niliuliza.

"Aka. Ya mwisho. Ile ya mtu kageuza mgongo, ana fimbo, anaondoka zake kuelekea milimani. Nyuma yake kaacha vikombe, vimepangwa vizuri, hata kimoja hajabeba."

Nilimwambia sikumbuki kuitoa hiyo. Nilimwambia kwamba baada ya kikao sikuwa na karata hata moja.

"Haikuwa kwako," alisema Mama Shadya. "Ilikuwa dirishani kwa Bi. Zuhura, pale mlangoni. Aliisimamisha mwenyewe alfajiri, nikamwona, naye akaniona. Akaingia ndani, akajifungia mpaka nilipokwisha kupita."